Siku Kompyuta Zilipovishwa Maua

Vatsala Hebbar ni mwoga. Simsengenyi, mwenyewe hakatai, na pale ofisini kwao, mtaa wa Basavanagudi, woga wake ndio wanaoulipia mshahara. Cheo chake ni mhandisi mwandamizi wa programu za tovuti, jina refu hilo, lakini kazi yenyewe ukiitazama kwa karibu ni kuogopa kwa niaba ya wengine. Vijana wakimletea programu mpya, nzuri, inang'aa, yeye huuliza, "Na umeme ukikatika katikati? Na mtu akibonyeza mara mbili?" Vijana hununa. Halafu hurudi mezani kurekebisha.

Hakuanza hivyo. Alipotoka mji wa kwao Shivamogga na shahada yake mpya alikuwa na mbio kama anayefukuzwa, na katika kampuni yake ya kwanza alifuta majina ya wateja wote kwa mstari mmoja, akidhani yuko kwenye kompyuta ya majaribio. Hawakumfukuza kazi. Ila tangu siku hiyo, kabla hajabonyeza chochote, mkono wake husimama kwanza.

Kazi yake kubwa maishani ni tovuti ya wagonjwa wa figo. Vitanda vya kusafishia damu ni vichache na wagonjwa ni wengi, basi hospitali kadhaa za jiji zikaunganisha orodha zao. Saa chache kabla ya zamu mgonjwa hupata ujumbe kwenye simu: leo nenda hospitali fulani, saa fulani. Asipoupata hajui aelekee wapi. Na akikosa zamu maji humjaa mwilini, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Akikosa na ya pili, hapo tunazungumza habari za msiba.

Ikafika Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kuziheshimu zana za kazi. Dereva huliosha gari lake akalivisha maua, fundi huipaka cherehani yake liwa ya msandali, na ofisi ya kompyuta haibaki nyuma. Zana ikishaombewa hupumzika mpaka kesho yake. Mzee Basappa, mhudumu wa ofisi na mpika chai wao, alifika mapema, akachomoa kila plagi, akafuta vumbi, akatia kila kompyuta alama nyekundu na ua. Hakuna aliyejali, maana tovuti yenyewe inaishi kwenye mitambo ya kukodi, mbali huko.

Walikuwa wamevaa hariri, boga la kufukuza husuda limeshapasuliwa mlangoni, Vatsala ana bisi za mchele za sadaka kiganjani, simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa hospitali moja.

"Dada, wagonjwa wa mchana hawajaja."

"Wangapi hawajaja?"

"Wote. Vitanda vitupu. Nimepiga na kwa wenzetu, hali ni hiyo hiyo."

Bisi zikamwagika. Vatsala akafungua tovuti kwenye simu yake: iko hai. Orodha: ipo. Sasa ujumbe umekwama wapi? Ndipo akakumbuka. Kile kikompyuta kilicho chini ya rafu ya chai, chenye laini ya simu ndani yake. Ndicho kinachotuma ujumbe. Alikitengeneza mwenyewe mwaka wa kwanza, akasema ni cha muda tu, wiki mbili tatu tutakihamisha. Nani alikihamisha? Hakuna. Cha muda kikazeeka pale, naye akakisahau kabisa, yeye anayeogopa kila kitu.

Akakimbilia jikoni. Kikompyuta kiling'aa, kimevishwa shada zima wakati kompyuta zingine zote zimepata ua moja moja. Waya wake umekunjwa vizuri pembeni.

"Hiki nimekisafisha kwa mkono wangu, madam," alisema Basappa. "Ndicho kinachomwita mke wangu Girijamma hospitali." Halafu akauona uso wa Vatsala. "Nimefanya nini?"

Vatsala akapiga magoti mbele ya rafu. Bosi wao Niranjan alikuwa keshafika mlangoni, jasho linamtoka. "Dada Vatsala, washa. Mungu atatuelewa. Washa tu, unangoja nini?"

Alishika plagi. Mkono ukasimama.

"Washa basi, watu wanakufa."

"Niache, Niranjan. Ninaogopa."

"Sote tunaogopa."

"Niache niogope vizuri."

Akachomoa kwanza kebo ya mtandao, kikompyuta kikabaki peke yake, ndipo akakiwasha. Kioo kikawaka. Akaisoma tarehe, akakaa sakafuni na sari yake ya hariri. Betri ndogo ya saa yake ya ndani ilishakufa zamani, na baada ya kukosa umeme kikompyuta kiliamini kwamba ni ule mwaka kilipotoka kiwandani. Naye aliwahi kukiamuru hivi: ukikuta zamu ya mbele sana kuliko leo, hilo ni kosa, futa. Kwa tarehe ile, kila zamu ilikuwa ya mbele sana. Kingewashwa na kebo yake, kingefuta orodha nzima, kila mgonjwa, kila hospitali, kabla Niranjan hajamaliza kufoka.

Akarekebisha saa. Akahakikisha. Akahakikisha tena, Niranjan akitafuna kucha. Kisha akarudisha kebo, na ujumbe ukaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine.

Basappa akampa Vatsala simu yake ampigie mkewe. Akapiga.

"Nipo mlangoni na mkoba wangu tangu asubuhi," Girijamma alisema, sauti yake nyembamba, anapumua katikati ya maneno. "Ujumbe haukuja. Nikasema basi, wameshanitoa kwenye orodha. Sikutaka kumwambia mzee wangu. Leo ni sikukuu yao."

"Hakuna aliyekutoa, mama. Panda riksho sasa hivi. Kitanda chako kipo."

Alifika. Walifika wote, wengine jioni, wengine wamebebwa.

Wiki ile ile Vatsala aliihamishia programu kwenye mitambo ya kukodi. Kikompyuta kimebaki chini ya rafu, kitupu, hakifanyi lolote duniani, naye hajapata ujasiri wa kumwambia Basappa. Kila Ayudha Puja mzee hukichomoa kwa dakika chache tu, akakisugua, akakivisha shada zima, na Vatsala husimama mlangoni pale jikoni, anajua vizuri kabisa kwamba hakina kitu, na bado pumzi haishuki.

"Nikupe chai, madam?"

"Rudisha waya kwanza, mzee."