Damu ya Kisigino

Mama mkwe alimbeba mwanangu wa wiki sita hadi kemisti mjini Voi nikiwa shambani Bura, nikichuma sukuma. Hakuniuliza. Aliporudi alikiweka kipimo cha virusi vya UKIMWI mezani, mistari miwili myekundu, akasema, "Mtoto ako nayo. Kutoka leo asinyonye. Nitamtafutia maziwa ya ng'ombe."

Ningependa kusema nilijibu kwa upole. Nilimnyang'anya mtoto nikamnyonyesha palepale mbele yake. Virusi ninaishi navyo tangu kabla ya ndoa, mume wangu anajua, na dawa zangu sijaruka hata siku moja. Lakini niliogopa sana.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kliniki. Muuguzi, mama asiyependa maneno mengi, alikitazama kile kipimo akakitupa.

"Hii inatafuta protini ambazo mwili hutengeneza kupigana na virusi. Zako zilimfikia akiwa tumboni, na zitakaa kwake miezi mingi. Mtoto mdogo hapimwi hivyo. Sisi tunatafuta virusi vyenyewe, vinasaba vyake."

Akamchoma kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi nene yenye miduara, akaianika kivulini mbali na dirisha. Huku kwetu vumbi huingia hadi kwenye chumvi. Ikishakauka ingepelekwa maabara ya mbali.

"Mnyonyeshe. Maziwa yako peke yake, na dawa yake ya kumkinga kila siku," akaniambia.

Nilingoja wiki tatu. Mama mkwe alileta maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe, nikayanywa mimi. Akaleta tena, nikanywa tena; nadhani nilinenepa. Dawa ya mtoto nilimpa saa ileile kila asubuhi, akunje uso asikunje.

Jibu lilipofika nilimwambia mama mkwe twende wote, maana sikutaka asimuliwe. Muuguzi akasoma: virusi havikuonekana. Akaongeza kwamba mtoto angepimwa tena na tena hadi baada ya kuacha kunyonya. Nikasema nitamleta kila atakapoitwa.

Mama mkwe alilia pale kwenye benchi, mbele za watu. Kisha akanigeukia.

"Kwa hivyo hukumpa?"

"Nilimpa zile protini za kupigana, mama. Virusi nimebaki navyo mwenyewe."