Dakika Ishirini na Moja

Fundi wa kompyuta wa ghala la mahindi pale Kitale huchapa kwa vidole viwili, midomo ikitembea kama anayesali. Kila asubuhi huandika amri ile ile kwenye skrini nyeusi, kuziuliza seva za mbali, zile zinazotunza majira kamili, sasa ni saa ngapi hasa, kisha hurekebisha kompyuta ya langoni. Na kila alasiri meneja hutufungia lango, sisi wakulima tuliotoka Kachibora na matrekta ya mahindi tangu alfajiri. "Saa kumi imepita, bana. Kompyuta haidanganyi." Ati haidanganyi! Ijumaa moja ya 2006 fundi aliandika amri yake mbele yetu sote, akatugeuzia skrini: saa ya langoni ilikuwa mbele kwa dakika ishirini na moja.

"Asubuhi niliiacha sawa," alimwambia meneja kwa sauti yake ya chini. "Na paswadi ni mimi na wewe tu tuko nayo, bosi."