Mapeasi Mazima na Mkeka wa Mama Mkwe

Jamani, aibu hii ni yangu mwenyewe, sikusingiziwa wala sikusukumwa, ila mkimaliza kunicheka mkumbuke kwamba mapeasi yenyewe yaliiva vizuri.

Mama mkwe alikuja kwetu Makorora kutoka Pangani, mara yake ya kwanza tangu niolewe, akaniletea mkeka aliousuka kwa mikono yake, nami nikasema leo lazima ajue mwanawe hakukosea kuoa. Baada ya pilau nilitaka kumpa mapeasi ya Lushoto, mazima na maganda yake, nimeyatoboa chini nikajaza zabibu, sukari na iliki, nikayasimamisha kwenye sufuria na kuyapalia moto juu na chini kama mkate wa kumimina. Tatizo vikonyo, virefu, mfuniko haukukaa sawa.

"Vikate hivyo," wifi yangu Zuhura akaniambia.

Nivikate, na uzuri wote uko hapo? (Kiburi, nakijua.)

Basi harufu ikajaa nyumba nzima, na mimi badala ya kupakua jikoni kama watu wenye akili zao, nikabeba sufuria na makaa yake juu hadi sebuleni, ili mama mkwe anione ninavyofunua. Nikainama, "Karibu, mama," mfuniko ukateleza juu ya vile vikonyo, makaa yakamwagika kwenye ule mkeka mpya niliomtandikia akalie, mama mkwe (aliyeshinda akilalamikia magoti) akaruka hadi mlangoni, Zuhura akamwaga jagi zima la maji ya ukwaju, na moshi ulipotulia pakabaki tundu jeusi la ukubwa wa kiganja.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikalia. Mama mkwe akarudi polepole, akautazama mkeka wake, akayatazama mapeasi yaliyojaa majivu, akaokota moja, akalimenya, akaonja.

"Majivu yameishia kwenye ganda," akasema. "Ungeyamenya kabla, tungekula jivu. Nipe jengine, mwanangu."

Alikula matatu! Mwanangu, aliniita, mbele ya Zuhura.

Aliondoka na mkeka, na ukarudi umetiwa kiraka cha ukindu mwekundu, nami nimeutandika sebuleni kiraka kikitazama mlango, aulize anayetaka. Kufunua makaa mbele ya wageni nimekoma, wallahi. Lakini vikonyo sikati.