Mluzi wa Umatini

Fundi redio ana mikono ya taratibu. Kila asubuhi hupima kwa kamba spika tano alizozipanga kuzunguka kiti kimoja, akinong'ona kana kwamba chumbani mna mgonjwa. Miaka yote amesubiri tamasha lile la muziki wa roki litolewe upya kwenye diski, picha safi na sauti ya pande zote, kwani marehemu kaka yake alikuwemo umatini.

"Utamsikiaje kati ya maelfu, shemeji?" mjane wa kaka huyo humtania.

"Kwa mluzi wake. Kanda ya zamani iliumeza."

Leo diski imefika. Mjane akaketi, fundi akawasha. Gitaa likanguruma mbele, umati ukavuma kando, na mluzi ukalia nyuma.

"Ndiye! Punguza, shemeji, ananipulizia shingoni."

Fundi akapunguza mpaka mwisho. Gitaa likanyamaza, umati ukanyamaza. Mluzi ukaendelea.