Mama Anataka Nikiri Kanisani Kwamba Vitabu Vyangu Vilimtia Mdogo Wangu Pepo

Wewe unayeendesha ukurasa huu, tafadhali lifiche jina langu, kwa maana Machakos ni ndogo na kanisani kwetu kuna watu wanaokusoma. Niko na miaka ishirini na saba. Nauza katika duka la vitabu vya shule mjini na nimepanga chumba kimoja Mumbuni. Kwetu ni Kalama, ambako mama yangu, mjane, anaishi na mdogo wangu wa miaka kumi na sita. Nitamwita Mwende, ingawa si jina lake.

Tangu sekondari napenda vitabu vya mwandishi mmoja wa ng'ambo anayeandika hadithi za kutisha. Cha kwanza nilikipata kwa muuzaji wa vitabu kuukuu karibu na soko, hakina hata jalada, na nilikisoma mpaka githeri, mahindi na maharagwe yangu, ikaungua motoni. Sasa nimesoma kumi na kimoja. Watu wakisikia ni vya kutisha wanafikiria damu tu. Mimi naona damu ndiyo sehemu yake dhaifu. Lile dubwana likishatokea mwishoni, hofu inaisha, na vile vinene alivyoandika baadaye vinanichosha. Anachojua kuliko wengine wote niliowasoma ni mambo ya nyumbani. Mtu anawaambia watu wake kuna kitu kibaya hapa, wanampenda kabisa, lakini hawamwamini. Hapo ndipo mimi huogopa.

Mwende alikuwa mvivu wa kusoma Kiingereza, kwa hivyo nikienda nyumbani wikendi nilimsimulia kwa Kikamba. Sikusimulia vile ilivyoandikwa. Nyumba ya kutisha ya hadithi moja niliifanya nyumba ya mawe isiyo na watu iliyo upande wa pili wa mto wetu, na mtoto aliyeteswa ndani nikampa umri wa Mwende. Alikuwa akifurahi sana. "Endelea," ananiambia, "na usiruke mahali."

Jumamosi moja mchana tulikuwa tumekaa nje tukitoa mbaazi kwenye maganda, kitabu kikiwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimefika pale mtoto anasikia akiitwa kutoka ndani ya ukuta. Niliiga ile sauti, nikaita, "Mwende." Mikono yake ikasimama juu ya sinia. Macho yakapanda juu, sinia ikamwagika, akaanguka na kuanza kutetemeka mwili mzima, povu likimtoka. Mama alikuja mbio kutoka jikoni akanikuta nimesimama, kitabu mkononi.

Hospitalini daktari alisema ni kifafa. Alimuuliza Mwende maswali taratibu, tukagundua kwamba darasani alikuwa akipotelewa na fahamu kidogo kidogo, muda mrefu kabla sijaanza kumsimulia chochote. "Huu ni ugonjwa wa ubongo, mama," daktari akasema. "Akimeza dawa kila siku, anaweza kumaliza shule kama wenzake." Mama aliitikia kwa kichwa, huku macho yake yakiwa kwangu.

Dawa zilimsaidia. Miezi miwili mizima hakuanguka. Kisha mama akamweleza pasta wetu yote aliyoyaona siku ile, na pasta akasema vitabu ndivyo vilivyomfungulia pepo mlango. Mama akatupa dawa chooni. Vitabu vyangu vilivyokuwa kwenye sanduku akavitia katika gunia akavipeleka kanisani, na viko huko mpaka sasa, vikingoja kuchomwa siku nitakapokiri.

Wiki ya tatu bila dawa, Mwende aliangukia moto wa kupikia. Mkono wa kulia uliungua hadi kiwiko. Mama alimbeba mgongoni, msichana mkubwa hivyo, mpaka barabarani kutafuta gari la hospitali. Nawaambia hili ili msije mkamtukana. Mama yangu si mtu mbaya.

Nilimpigia magoti. "Mwaitu," nikamwambia, vile sisi humwita mama, "mrudishie dawa."

"Nitamrudishia," akasema, "siku utakaposimama mbele ya watu useme kile ulichoingiza kwangu. Pepo atoke kwanza, halafu daktari atibu kitakachobaki. Sitaki kuzika mtoto kwa sababu ya kiburi chako." Alikuwa akilia.

Najua wengine mtasema nimchukue nikae naye. Nafungua duka asubuhi na kulifunga jioni. Akianguka huko Mumbuni mchana, amejifungia peke yake, nani atamwinua? Nilijaribu pia kumwachia dawa kwa siri. Mama alizipata chini ya godoro.

Basi nikakubali. Nilijiambia ni maneno tu, niyaseme mtoto apone. Jumapili iliyopita nilienda kumwambia Mwende, nikidhani atafurahi. Alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bendeji.

"Usiseme," akaniambia. "Wewe utasema siku moja halafu urudi Mumbuni. Mimi nitabaki hapa. Kila nikipita, watu watasema yule ndiye alikuwa na pepo. Nani atakaa na mimi darasani? Nani atanioa?"

"Na dawa je?" nikamuuliza.

"Si ulisikia daktari? Ni ugonjwa. Wewe ndiye wa pekee hapa nyumbani unayejua niko na ugonjwa. Ukisimama pale useme ni pepo, nitabaki na nani?"

Nilimfunika shuka, nikatoka. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Namwamini daktari, lakini nakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemwita jina, na kuna siku najiuliza kama mama anasema kweli. Tangu wakati ule sijaweza kufungua kitabu chochote.

Ibada ni Jumapili hii. Mama ameshaniwekea nafasi ya kusimama mbele. Nikinyamaza, Mwende hapati dawa na moto unawashwa jikoni kila siku. Nikisema, anapata dawa, lakini ninamvisha jina ambalo Kalama haitamvua. Nyinyi mnaosoma, hasa mlio na mgonjwa wa kifafa nyumbani, niambieni: nisimame, au nibaki nimekaa?