Gemu ya mishale ilivyotaka kuninyima mke Masama

Wakuu, heshima zenu. Hii siongezi chumvi hata punje, aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni Mchagga wa kuzaliwa Dar. Kichagga changu kinaishia kwenye salamu. Desemba nikapanda Masama, kijijini Uchaggani, kujitambulisha kwa wazazi wa Aika, mchumba wangu. Mjomba aliyenisindikiza alinionya tukiwa stendi ya Kwa Sadala: "Ukifika kule kaa kimya, tabasamu, kula. Basi."

Ningemsikiliza, uzi huu usingekuwepo.

Wazee wakawa wanaongea uani, chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kiko chini nyuma ya benchi. Mimi nimekaa na shemeji Eliya, kaka yake Aika. Akatoa simu, ana gemu ya mishale.

Wanaoijua wanaijua. Vijitu viwili, miguu laini kama mlenda, unavuta upinde, unaachia, mwenzio anaanguka kama gunia. Mnacheza wawili kwa simu moja.

Nikamwambia, "Shem, Dar nzima wananiogopa kwa hii." Uongo mtupu! Niliicheza mara moja tu, saluni, nikisubiri kunyolewa.

Akanipiga. Akanipiga tena. Damu ikachemka, nikasimama kabisa, nikavuta kwa mwili mzima utadhani upinde ni wa kweli. Mguu ukarudi nyuma.

Chungu chali.

Mbege ikatiririka mpaka kwenye viatu vya baba yake Aika. Mzee akainuka, akaingia ndani. Aika ananitazama, machozi yanamlenga. Wakuu, niliogopa. Niliona ndoa yangu inaondoka na lile povu.

Mjomba akaninong'oneza, "Kimbia mpakani mwa shamba, kachume sale, umpelekee."

Kwa wasiojua, sale ni jani la kuombea msamaha. Ukimpelekea Mchagga uliyemkosea, hata awe amefura vipi, anakusamehe.

Nikatoka mbio. Nikaona majani marefu ya kijani, nikachuma machache, nikaingia ndani, goti chini, nikamkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Akayageuzageuza. "Kijana, haya ni majani ya ng'ombe. Sasa mimi niyale?"

Mama mkwe alicheka mpaka kitenge kikamdondoka. Aika akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka kwenye sale lenyewe.

Mzee akalipokea, akalitazama, akasema, "Haya, yameisha. Lete hiyo gemu iliyonimwagia pombe."

Nikaanza mimi. Nikavuta, nikaachia, mshale ukapanda juu weee, ukarudi, ukanichoma kichwani mwenyewe. Mzee hata simu hajaigusa.

Akamgeukia mjomba. "Huyu hata akitaka kumpiga binti yangu, atajipiga mwenyewe. Tuendelee na mazungumzo."

Nikaoa, wakuu!

Funzo: ukienda ukweni, ijue mimea kwanza, mishale baadaye. Na ukiambiwa kaa kimya, kaa.

Wenye aibu zao za ukweni zishusheni hapa, nisichekwe peke yangu. Mke wangu anasoma huu uzi pembeni yangu. Amepanda sale kwenye ndoo hapo mlangoni kwetu, anasema ni la dharura.