Bakari, 29/88

Mpaka leo nikisikia harufu ya mawese huwa naona namba. Ghala alilolitunza baba lilikuwa Zone Industrielle, eneo la viwanda, hatua chache kutoka bandarini, na mapipa ya mawese yaliyongoja kupelekwa kiwanda cha sabuni yalipangwa karibu kufika darini. Sakafu ilikuwa imekunywa mafuta kwa miaka mingi, hata ukivua viatu nyayo zako zilitoka zinang'aa. Nyuma kabisa palikuwa na chumba cha ofisi, na ndani yake kompyuta ya bosi, Mzungu aliyeondoka hali ilipochafuka akisema anakwenda wiki mbili. Alikuwa ametimiza miaka miwili huko alikokwenda. Kiangazi kile milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani karibu kila siku, na mama, aliyekuwa akishinda sokoni na vitenge vyake, hakutaka tubaki nyumbani peke yetu. Kwa hiyo kila asubuhi baba alitupeleka kazini kwake, mimi na dada yangu Goreth, akatuketisha katika ofisi ile na kutukataza kugusa kitu chochote. Tuligusa siku ya pili.

Ndani ya kompyuta tulikuta mchezo mmoja tu, umeandikwa Football, tukafurahi sana. Furaha haikudumu. Hapakuwa na mtu anayekimbia wala mpira unaodunda, palikuwa na majedwali yaliyojaa majina na Kiingereza ambacho hatukukijua hata kidogo. Timu yetu ilikuwa na wachezaji hamsini na watatu. Ulipobonyeza kitufe mechi ilichezwa yenyewe kwa sekunde chache na matokeo yakaja: ishirini na nne kwa kumi na saba. Goreth akasema huenda makipa wao wote ni vipofu. Picha ilikuwa moja tu, ya mwanamume mwenye mabega mapana kama kabati, kofia ngumu kichwani na kitu chenye umbo la embe mkononi. Mimi nikaamua kwamba ni mwanajeshi, kwa sababu miaka ile kila mwenye kofia ngumu alikuwa mwanajeshi. Lakini kwa nini mwanajeshi abebe embe, na kwa nini waite kabumbu, hilo lilinishinda, na kwa kuwa sikupenda kushindwa sikumuuliza mtu; ukubwani ndipo nilipojua kwamba ulikuwa mpira wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi.

Kisha nikaona namba. Mbele ya kila jina, baada ya umri, palikuwa na mbili, katikati yake mstari wa mshazari: 58/59, 34/81, 61/61. Hapo nikajiona nimefika. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa wa kwanza darasani, na kama kuna kitu nilikijua duniani ni maana ya mstari ule. Kwenye madaftari yetu na kwenye bulletin, ile karatasi ya matokeo, mwalimu aliandika 14/20, tukasoma quatorze sur vingt, yaani kumi na nne katika ishirini. Nikamweleza Goreth kwamba hizi ni pointi, kwamba hawa watu wamefanya mtihani. Akauliza kwa nini kila mmoja ana jumla yake. Sikujua. Nikamjibu kwamba kila mmoja alifanya mtihani wake, na nikamtazama kwa jicho la kumwambia asiulize tena.

Ukisoma hivyo, mambo yalinyooka. Watu wazima wa miaka thelathini na mitatu, thelathini na minne, walikuwa wamefaulu vizuri mno, 58 katika 59, 61 katika 61, hawa ndio wa kushikwa kwa mikono miwili. Vijana walikuwa aibu tupu. Nikaanza kuwafukuza mmoja mmoja, na sifichi kwamba niliona raha. Mmoja wao alikuwa na jina la Baker, ambalo sisi tulilisoma Bakari, kama muuza mkaa wa mtaani kwetu. Miaka yake ishirini na mmoja, namba zake 29/88. Goreth akauzuia mkono wangu.

"Uyu umuache," akasema. "Iko na miaka makumi mbili na moja tu."

"Amefeli, Goreth. Vingt-neuf sur quatre-vingt-huit. Ata nusu hakufikisha."

"Labda si vile."

Nikabonyeza. Bakari akaondoka.

Lazima niseme Goreth alikuwa nani mwaka ule. Alikuwa na miaka kumi na minne na alikuwa ameshindwa mara mbili ule mtihani wa darasa la sita unaokupeleka sekondari. Mara ya kwanza tulikuwa tumekimbia mtaa wetu, akakosa masomo miezi mingi. Mara ya pili sijui ilikuwa nini, na nadhani naye hajui. Shule moja ilikubali kumpokea arudie tena. Baba akasema ataamua kabla ya Septemba: ama Goreth arudi darasani, ama aende Ruziba, kusini kando ya ziwa, kwa shangazi, akaanike ndagala, dagaa wa kwetu, na kupalilia nyanya, maana barabara ya kusini ilikuwa imeanza kupitika. Nyumbani kila mtu alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja.

Wiki ileile ya Bakari, adhuhuri, Goreth alikwenda kuteka maji bombani. Baba alikuwa anakula maharagwe yake juu ya pipa lililopinduliwa. Akaniita nikae karibu.

"Jeanine, we ndiye unajua mambo ya masomo," akasema. "Goreth akirudia, atapita?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali kubwa kama lile, na nilijisikia nimerefuka.

"Apana, Papa. Hatapita."

Nilisema kwa sauti ileile niliyomtolea Bakari. Baba akatikisa kichwa polepole, akaendelea kula.

Sisi tukaendelea na mchezo. Mwaka mmoja wa mle ndani ulikwisha kwa siku mbili, kama umeme haukukatika, na kila mwaka timu yangu ya waliofaulu ilifungwa zaidi. Mzee wangu wa 58/59 akawa 54/59, kisha 47/59. Nilishindwa kabisa kuelewa. Mtu aliyekwisha kufanya mtihani anapoteza vipi pointi zake? Mwaka wa tatu tukachapwa vibaya na timu moja ya bluu, na Goreth akaweka kidole kwenye kioo. Jina lilikuwa Bakari. Namba zake 77/88. Nikasema kompyuta imeharibika, nikasema wamempa za bure, nikasema ni Bakari mwingine. Goreth alicheka tu, cheko dogo la puani, la kwanza kulisikia kwake tangu matokeo ya mtihani wake yatoke.

Aliyetufungua macho ni Papa Riziki, Mkongomani aliyefundisha Kiingereza Uvira kabla ya kukimbia vita vya kwao, na pale ghalani kazi yake ilikuwa kuandika namba za mapipa kwa chaki. Aliingia kutafuta chaki, akatukuta tunabishana, akainama kusoma kioo kwa muda mrefu.

"Ile trait haisemi sur," akasema, kidole juu ya mstari. "Chiffre ya kwanza ni vile mutu iko leo. Ya pili ni fasi anaweza fika. Mulifukuza batoto, mukabaki na bale bazee benye bamemaliza."

Nilimtazama Goreth, naye alikuwa ananitazama. Kumbe Bakari wa 29 alikuwa mtu anayeweza kufika 88. Nilitoka mbio nikipita kati ya mapipa, nikateleza, nikainuka, nikamkuta baba mlangoni anapokea mzigo. Nikamweleza yote bila kupumua, mstari, Bakari, wazee, na kwamba lile jibu langu la siku ile nililisema vibaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, penseli sikioni.

"Bulletin ya Goreth iko na chiffre moja tu, mwanangu," akasema. "Ya pili nani ataiandika?" Kisha akasema amekwisha kumtumia shangazi habari. Nikamuuliza lini. "Ile siku uliniambia."

Goreth alikwenda Ruziba Jumatatu iliyofuata. Mimi niliendelea na shule, nikafika mbali, na sasa ni mwalimu. Kila mwisho wa muhula naandika namba, napiga ule mstari, naandika mia moja chini yake, na mkono wangu huwa mzito. Wanafunzi wangu wana simu na wanaelewa michezo yao yote kwa dakika tano. Mimi bado sielewi. Sijui kama baba alinisikiliza kweli au alitaka tu mtu wa kumsaidia kusema alichokwisha kuamua, na ameshakufa, siwezi kumuuliza.

Mwaka jana nilikwenda Ruziba nikamwambia Goreth lile jibu langu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Tulikuwa tunachambua ndagala, yeye upesi, mimi polepole. Hakuacha kuchambua.

"Na Bakari?" akauliza. "Alifika quatre-vingt-huit?"

Nikamwambia sijui kama alifika themanini na nane. Tangu yeye Goreth aondoke sikuufungua tena ule mchezo.